Uso Uliopewa Jina la Mzee Nashoni

Mgeni alikigeuza kinyago kama mtu anayekagua sufuria, akasoma kikaratasi kilichobandikwa ndani: "Mzee Nashoni, mhenga wa Kihehe, Idodi."

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Baba yangu mzazi!" Shangazi Faustina akajibu kwa majivuno kutoka nyuma ya meza ya banda lake, kando ya barabara iendayo mbugani. "Amechongwa na huyu mtoto wa kaka yangu, fundi wa Mafinga. Si mchezo!"

Sosthenes, aliyesimama kando yake, akainamisha kichwa. Alikichonga kwa paini na kukipaka kiwi ya viatu kionekane cha kale. Uso wenyewe aliuona kwenye simu, miongoni mwa vinyago vya Waibibio wa Nigeria. Vingine vilikuwa na nyuso nzuri, zilizotulia. Yeye akachagua chenye pua iliyopinda na mdomo uliooza, maana watalii hupenda cha kutisha. Jina la babu aliliongeza ili kiuzike. Shangazi alipouliza mbona baba yake amekuwa hivyo, alimjibu kwamba wahenga ndivyo wanavyochongwa.

"Mama, mimi naitwa Etim," mgeni akasema. "Nafundisha chuo Iringa mwaka wa nane huu, lakini kwetu ni Nigeria. Ni Mwibibio. Kwetu mfu aliyeishi vizuri huchongewa uso mzuri. Huu ni wa aliyeishi vibaya, roho yake ikakosa makao, inazurura." Akashusha sauti kwa huruma. "Baba yako alikosa nini?"

Shangazi akacheka. "Akose nini? Aliyelea yatima wa kijiji kizima?" Kicheko kikamfia mdomoni. "Sosthenes, hebu mwambie mgeni."

Sosthenes akakigusa kile kikaratasi.

"Niliutoa kwenye simu, Shangazi. Uso si wetu. Jina ndilo nililoweka mimi."

"Kwa hiyo nasimama barabarani kumtangaza baba yangu kuwa mwovu?"

"Sikujua, Shangazi."

"Uso hukuujua. Na jina, hukulijua?"

Etim alikilaza kinyago kifudifudi, akaomba radhi, akaenda zake bila kuangalia nyuma.

"Vimeondoka vingapi vyenye jina lake, hapa na kwako Mafinga?" Shangazi akauliza.

"Kumi na kimoja."

"Basi babu yako anazurura kwenye nyumba kumi na moja za watu tusiowajua."

Afadhali angemtukana. Shangazi akafunga banda mchana ule ule, akachukua kibuyu cha pombe, akatangulia kuelekea makaburini. Sosthenes akamfuata, akiwakwepa macho majirani waliomwamkia, "Kamwene, fundi!"

Kaburini Shangazi akamwaga pombe kidogo, akapiga magoti, akamsubiri Sosthenes aombe radhi. Kijana aliyezoea kuwapamba wateja kwa maneno akatazama jinsi udongo unavyoinywa ile pombe.

"Babu," akasema, akakwama.

"Mtaje kwa jina," Shangazi akamwambia. "Kuliandika hukushindwa."

Sosthenes akafungua mdomo. Jina likagoma kutoka.