Vigae Elfu Kumi Kasoro Tisa

Nilivunja vigae tisa tu, na hivyo tisa nusura vinitoe roho.

Mfinyanzi wa mtaa wetu alitengeneza vigae elfu kumi, kila kimoja ukubwa wa kiganja, akafariki kabla hajavitandika uani kwake. Mjane wake akamwita baba yangu, ambaye ni fundi, akamwambia, "Vitandikwe vyote. Sitaki hata kimoja kikatwe, wala kibaki kwenye boksi." Hesabu ilikuwa nyepesi, mistari mia, kila mmoja vigae mia. Tanuri lenyewe lilishabomolewa, kwa hiyo vingine havipatikani.

Baba hagusi saruji mpaka apange kazi nzima ikiwa kavu. Siku ya pili, vilipobaki tisa, mimi na kiherehere changu nikavibeba vyote kwa mpigo. Nikajikwaa kizingitini, vikaenda chini.

Kwenye kona pakabaki shimo, tatu kwa tatu. Baba akalitazama, akanitazama mimi, akaanza kuokota vipande. Bora angenigombeza.

"Tuiondoe ile mistari mitatu yenye shimo," nikasema.

"Vibaki mia mbili tisini na moja? Utamwambia wewe?"

Nikachukua chaki, nikakaa juu ya ndoo, nitafute mistari inayolingana urefu, isiyoacha shimo. 9,991. Kwa tatu haigawanyiki. Kwa saba inabaki mbili. Kumi na moja, kumi na tatu, wapi! Nikaanza kuogopa kwamba ni namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Hapo tungetandika mstari mmoja mwembamba hadi barabara kuu. Nilimwambia baba, hakucheka.

Nikarudi kwenye lile shimo. Ile mistari mitatu mifupi, kila mmoja una vigae tisini na saba. Na mistari iliyokamilika ni mingapi? Tisini na saba. Nikahesabu tena.

"Baba, hii mifupi tuitoe huku, tuigeuze, tuipange kule ubavuni mwa ile iliyokamilika."

Akaguna, lakini akapiga magoti. Tukavihamisha kimoja kimoja, na cha mwisho kikakaa sawasawa na mstari wa mwisho. Tisini na saba kwa mia moja na tatu. Hakuna shimo, hakuna kilichobaki.

Mjane akaja, akatazama. "Mbona sakafu imerefuka huku?"

Baba akakohoa. Nikaona nimtue mzigo, nikasema yote, nikamwonyesha na vipande.

"Tisa tu?" akasema mama yule. "Marehemu alikuwa anavunja ishirini kwa siku, halafu anamsingizia paka."

Akavua viatu, akatembea mpaka kwenye ile mistari mitatu ya ubavuni. Kivuli cha ukuta kilifika hapo. Akajifuta macho.

"Kiti changu kitakaa hapa," akasema.

Baba akanikabidhi koleo. "Haya, changanya saruji. Na ndoo ubebe moja moja."