Jinsi Nilivyomuona Gracien kule Idjwi

Haya yote ni kweli tupu. Kama kuna neno moja la uongo humu, radi inipige nikiwa chooni na watu wote wa Nguba, mtaa wetu kando ya ziwa, waje kunitazama. Mimi nilibeba barua za watu mpaka barua zenyewe zikaisha duniani; nikastaafu, nikabaki na mazoea ya kupeleka habari.

Darubini niliachiwa na Père Ulrich, padri wetu, alipokuwa anarudi kwao. Alinikuta natengeneza redio kwa waya wa mwavuli, akasema mikono kama hii isikae bure. Nikawaonyesha majirani Mwezi, nikawaeleza kwamba yale mabaka ni mashamba ya muhogo, na mvua ya kule hunyesha kutoka chini kwenda juu. Waliamini. Mtu akishafumba jicho moja, la pili linaamini lolote.

Kisha mvua zetu zikaingia, na unyevu wa ziwa ukaotesha kuvu ndani ya kioo cha mbele, nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Nikakifungua mwenyewe. Kumbe ni vioo viwili, vimelaliana kama mume na mke. Nikavisafisha kwa kanyanga, ile pombe kali, na shati kuukuu, nikavirudisha. Tangu siku hiyo kila kitu kikawa kama kimechovywa kwenye maziwa, na zambarau pembeni. Nikasema ni joto la mabati linalotetemesha hewa. Nikangoja asubuhi ya baridi: maziwa. Nikasema ni umande, nikapangusa: maziwa. Nikabadilisha kioo cha upande wa jicho, nikazungusha kifundo cha kurekebisha picha mpaka mwisho huku na mpaka mwisho kule. Picha inakaribia kutulia, halafu inapita, kama mtu anayekukwepa njiani. Nililaumu kila kitu isipokuwa mikono yangu.

Ndipo maman Maombi akapanda kwangu. Anakaa Kadutu, na huko huko anauza sambaza, vidagaa vya ziwani. Mume wake alizama ziwani, na tangu kilio kile aliapa hatakanyaga mashua tena. Mtoto wake mmoja, Gracien, waligombana siku alipouza nyavu za marehemu; kijana akavuka zake kisiwani Idjwi kulima mananasi, akazima simu.

"Papa Lucien, banasema mashini yako inaona mpaka Mwezini. Idjwi si iko karibu kuliko Mwezi?"

Nikaweka jicho. Maziwa. Sasa ningemwambia nini? Alikuwa ameshika sahani ya sambaza za kukaanga, bado za moto.

"Ninamuona," nikasema. "Iko anapalilia. Amevaa shati ya njano."

"Njano!" Akaketi chini. "Ile nilimununulia mimi. Amekonda?"

"Amenenepa kidogo."

Basi ikawa kila Jumapili baada ya misa. Nilimpa Gracien mbuzi, nikampa kofia, nikampa mbwa mwenye miguu mitatu aliyekuwa anamsaidia kufukuza kunguru. Nikampa na mchumba.

"Anatembea namna gani, ule binti?"

"Kama bata, maman. Lakini bata ya heshima."

Alicheka mpaka akajifuta machozi na ncha ya kikwembe, kitenge alichojifunga. Mara nyingine alitazama mwenyewe. "Mimi naona mawingu tu."

"Jicho inapaswa izoee. Ya kwangu imesoma."

Karibu na Pasaka akapita Chancelle, mama anayeleta mananasi kutoka kisiwani. "Maman Maombi, kesho navuka. Nipe neno nipelekee mutoto wako."

"Ya nini? Papa Lucien anamuona kila Jumapili. Iko muzima. Kasirani ikimuisha, atakuya mwenyewe."

Chancelle akavuka bila neno. Mimi nilikuwa pale pale, natafuna.

Kiangazi kilipoingia, Chancelle akarudi na habari nyingine. Gracien aliugua sana wakati wa Pasaka, akawa analala kwa watu, akimuuliza kila anayeshuka mashuani kama mama yake amemtumia neno. Alipopata nguvu za kusimama, aliondoka. Wapi, hakuna aliyeambiwa.

Jumapili ile maman Maombi alikuja bila sahani. Alikuja na Madeleine, jirani yake anayeuza miwani sokoni. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Leo acha Idjwi," akasema. "Tazama kwangu, pale ng'ambo ya bonde. Nimeanika kikwembe. Niambie ni ya rangi gani."

Nikainama juu ya darubini, nikazungusha kifundo kama fundi. Maziwa. Nikafikiri: wanawake wanapenda nyekundu.

"Nyekundu. Iko na ndege."

"Ndege wengi?"

"Wengi! Mmoja anaruka."

"Sikuanika kitu, Papa Lucien. Kamba iko tupu."

Madeleine alikuwa ameshafungua kioo cha mbele. Alikizungusha kwenye vidole, akapapasa upande wake uliovimba. "Tonton, hii uliirudisha mugongo mbele. Haiwezi kuona klere hata siku moja." Akageuza, akafunga, akanipisha. Nikaona Kadutu kama iko uani kwangu: kamba tupu, vibanio vyake, kuku juu ya bati.

Kisha wakaielekeza Idjwi. Maman Maombi akatazama muda mrefu. Vilima vilikuwa safi, vimekatwa kama kwa kisu, nyumba kama punje za mchele. Mtu? Hata ng'ombe haonekani.

"Kumbe hata ikipona haimufikie," akasema.

"Haimufikie, maman."

"Alikuwa anauliza mimi. Na wewe uko unamunenepesha."

Nikafungua mdomo kumweleza kwamba Pasaka kulikuwa na ukungu. Akainua mkono. "Utavuka wewe. Ulikula sambaza yangu, utavuka. Uulize nyumba kwa nyumba mpaka ujue alienda wapi, na usirudi na shati ya njano. Mashini inabaki na mimi."

Sijui kuogelea. Vijana wa Nguba wanajua niliwahi kuogelea mpaka Goma nikiwa na mfuko wa barua kichwani, lakini hilo ni jambo jingine.

Ndiyo maana leo nimekaa kwenye mashua ya Idjwi. Niliwaza kushuka kimya kimya, nijifiche kwa binamu yangu juma zima, nirudi na hadithi nzuri. Nikainua macho. Barazani kwangu bomba la darubini limenielekea, na nyuma yake amesimama mwanamke. Kutoka pale bandari yote inaonekana, mpaka meno yangu. Nikapunga mkono. Hakupunga.

Injini ikakohoa. Mzee wa pembeni akaniuliza, "Papa, unaenda fanya nini Idjwi?"

Zilinijia hadithi nyingi, na tamu. Nikatazama kule juu tena.

"Naenda kutafuta mutoto wa mutu," nikasema.