Alama za Woga wa Rada

Kazi yangu pale chuoni Plovdiv ni kupima hulka za watoto wadogo kwa kuwauliza wazazi wao. Je, mtoto alijificha alipomwona mgeni? Alilia alipozimiwa taa? Weka alama, moja mpaka saba. Kabla hawajaanza huwahutubia, kidole juu: "Andikeni alichokifanya mtoto, si mnachokihisi ninyi." Napenda sana kuhutubia.

Masika hii tulipungukiwa na familia moja, nikamtoa binti yangu Rada, mwenye miaka mitatu. Hojaji nikaijaza mbio mbio, maana nani anamjua kuliko mimi? Woga: saba. Mume wangu, Krum, akajaza yake chumba cha pili. Woga: moja.

"Krum, umesoma maswali kweli?"

"Nimesoma, mama Rada. Labda tunazungumzia watoto wawili tofauti."

Mama yake Krum, bibi Stoyna, aliyekuwa akikata banitsa, ule mkate wetu wa jibini, mezani, akadakia. "Mwoga? Rada huyu huyu aliyemkimbiza bata mzinga wangu mpaka juu ya banda? Mkwe wangu, shule imekuharibu."

Nilitabasamu kitaalamu. Nikawaambia chumba cha majaribio kitaamua.

Utaratibu wenyewe niliuandika mimi: mama anakaa kitini, mtoto anacheza sakafuni, kisha anaingia mgeni amevaa kinyago cha sungura cha karatasi. Wengine wanatazama nyuma ya kioo. Asubuhi hiyo, bila mimi kujua, sungura alikuwa amechanika. Msaidizi wangu Ognyan, kijana mwenye bidii ya kuudhi, akaazima kinyago cha mjomba wake, kile cha wacheza ngoma wa kufukuza mashetani: manyoya ya mbuzi mpaka magotini, pembe, meno mekundu, kengele kiunoni, akakivaa mwenyewe.

Mlango ukafunguka. Nilichofanya baadaye nilikiona kwenye video, kwa hiyo siwezi kubisha. Nilipiga yowe, nikapanda juu ya kiti, nikamwaga kahawa kwenye sketi. Mtoto sikumkumbuka kabisa.

Rada aliinuka, akalisogelea lile dude, akalivuta ndevu. "Mjomba, huoni joto?"

"Naona, mwanangu," dude likajibu kwa unyonge. "Dokta, nitoke?"

Nyuma ya kioo nilimsikia bibi Stoyna akicheka mpaka akakohoa. Tulipotoka alinifuta sketi kwa leso yake. "Usijali. Ile saba ni ya kweli, ila umeandika jina la mtu mwingine."

Nilimwambia Ognyan takwimu zetu zibaki kama zilivyo, yowe langu likiwemo, na wiki iliyofuata niliionyesha video mbele ya wenzangu. Walicheka kuliko nilivyotarajia. Wawili walitaka kuiona tena.

Lakini siku ile ile ya majaribio, tukirudi nyumbani kwa miguu, puto la mtoto mmoja lilipasuka karibu na chemchemi. Rada akanirukia shingoni, akaficha uso begani kwangu, moyo wake ukimdunda kama wa ndege. Mimi, Krum na mama yake tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amejua hilo, na katika hojaji yangu yote hamna swali hata moja kuhusu maputo.

Nilimbembeleza, na naona haya kusema, nilifurahi kidogo. Angalau alama mbili, nikajisemea. Tatu, ukihesabu na machozi.