Masazo ya Mubuku

Marlène alikuwa na nafasi moja tu, nayo ilikuwa Alhamisi ile. Chuo kidogo cha kompyuta mjini Kasese kilitafuta mtu mmoja wa kusomeshwa bure mwaka mzima, asiyezidi miaka ishirini na mitano, naye Agosti angetimiza ishirini na sita. Hapo mtu hachezi.

Katika darasa la kuwaandaa waombaji, somo lililowatoa wenzake jasho, la programu kuomba nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta huku ikiendelea na kazi, yeye lilimwingia bila taabu. Alilijua tangu shambani, jamani. Yeye na mama yake Elise, watu wa Butembo, walikodi kipande Mubuku, kwenye mradi wa umwagiliaji. Unaomba kipande cha kukutosha, unapimiwa, unaonyeshwa kinapoanzia. Msimu ukiisha, unarudisha. Mwalimu Asanasio alimsifu mbele ya darasa zima, na sifa, mjuavyo, hulevya kuliko pombe ya tonto.

Mtihani, waliopewa mapema wakauandae nyumbani, ulitaka programu ya zahanati. Ipokee majina ya wagonjwa wa asubuhi, irudishe nafasi yao, ipokee wa jioni, kisha imtaje tena aliyefunga foleni ya asubuhi. Marlène alirudisha nafasi vizuri kabisa. Halafu mwishoni akairudia palepale kuchukua lile jina. Hakuona kosa, maana majirani zake wote Mubuku ndivyo walivyofanya: ukisharudisha kipande, unaachiwa kuokota masazo mpaka mwenye zamu mpya aingie. Tena alikuwa ameijaribu mara kumi kwenye kompyuta ya binamu yake Célestin kule Bwera, ila hakuwahi kuandika wagonjwa wa jioni, na kila mara jina lilitoka salama.

Alhamisi ikafika, Asanasio akaketi kuijaribu. Akaandika watano wa asubuhi, wa mwisho Elise, kwa kumfurahisha binti. Akaandika watano wa jioni, wa mwisho Shadiah. Kioo kikajibu kwamba aliyefunga foleni ya asubuhi ni Shadiah.

Marlène alisoma jina lile mara tatu.

“Mwalimu, niachie nirekebishe. Iko kitu kidogo tu.”

“Ukisharudisha, hujui nani ameingia,” Asanasio alisema, bila kumtazama. Alimpenda mwanafunzi huyu, lakini sharti lilikuwa programu ijaribiwe mara moja tu, na sharti hakulitunga yeye. Saa nane jina la mwenzake Tonny likabandikwa mlangoni.

Marlène akatembea mpaka Mubuku. Alimkuta mama yake ameinama katikati ya kipande walichokirudisha Jumamosi, akiokota maharage yaliyobaki. Mwenye zamu mpya alikuwa ameshafika. Alisimama kwenye mfereji na jembe lake, na maji alikwisha kuyafungulia.

Elise akauliza bila kuinuka kama wamempokea. Marlène akasema hapana, na kwamba hakuna mwaka mwingine.

“Urudie kesho, mutoto wangu,” mama akasema kwa upole. “Habawezi kosa kukuachia hata nafasi kidogo.”

Marlène akavua viatu, akaingia, akainama kando yake, wakaokota pamoja mpaka maji yakawafikia miguuni.