Skonzi ya Mgeni

Katika familia ya mume wangu, usipotaniwa bado hujafika. Ilinichukua miaka miwili kulielewa jambo hilo, na mwaka wa tatu wote niliutumia kulikasirikia.

Iko hivi. Kila mwaka baridi inapokwisha na watu wakaanza kufungua madirisha, kuna sikukuu. Asubuhi ya sikukuu hiyo mama mkwe hupanga mezani skonzi tamu alizozifinyanga kwa mikono yake, moja kwa kila mtu. Usidhani ni maua na ndege. Umbo la skonzi yako ni kosa lako la mwaka. Mama mkwe hana daftari wala haandiki popote, lakini tangu sikukuu moja mpaka nyingine anakutazama tu, akikusubiri ujikwae.

Mwaka wangu wa kwanza, baba mkwe alipewa bomba linalovuja. Yeye ni fundi bomba, mstaafu sasa, ameziba mabomba ya nusu ya mji, na bomba la jikoni kwake lilikuwa limedondosha maji kwa miezi kumi na moja. Kinyozi hajinyoi. Wifi yangu, mwalimu wa hesabu, alipewa simu, kwa kuwa yeye na simu ni pete na kidole. Mume wangu alipewa mto wa kulalia, mpaka na marinda yake, kwa sababu alisinzia kazini mbele ya bosi, tena bosi akiwa anamsifu yeye. Walicheka mpaka chai ikapoa. Kila mmoja aliinua skonzi yake juu, akajitetea, akazomewa, kisha akaanza kuitafuna aibu yake mwenyewe.

Mimi nilipewa duara.

Duara safi, limepakwa yai likang'aa, na zabibu kavu moja katikati. "Na hii ya mkwe wangu," mama mkwe akasema kwa upole, kama anayemhudumia waziri. Nikashukuru. Mwaka wa kwanza si neno, nilikuwa bado nanukia harusi. Mwaka wa pili nikapewa duara tena, na zabibu yake. Niliitazama ile zabibu, nayo ikanitazama. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi nilikuwa na miezi ishirini katika nyumba ile na jembe sijalisikia hata harufu. Naomba nieleweke: nililionea wivu bomba linalovuja. Nilitaka kutaniwa kama wao, nilitaka sana, na usiku wa siku ile nililia kwa ajili ya mkate.

Sehemu ya kosa ni yangu. Mimi ni fundi miwani. Lenzi ukiikosea kwa upana wa unywele, mteja anaona ngazi mbili na anakanyaga ile isiyokuwepo. Kazi hiyo imenifanya niwe mtu wa kupima kabla ya kusema na kufuta meza kabla haijachafuka. Juu ya hayo nimelelewa kuwaheshimu wakwe. Tunaishi orofa ya juu ya nyumba yao, na kwa miaka miwili nilishuka ngazi zile kwa vidole vya miguu.

Basi mwaka wa tatu nikaapa kwamba nitakosea.

Nilianza na sketi. Niliivaa nje ndani, mishono yote hadharani na lebo ikipepea kiunoni, nikashuka sebuleni wakiwa na wageni. Wifi alifungua mdomo, mama mkwe akamkanyaga mguu. "Mkwe wangu anaijua mitindo ya kisasa," akawaambia wageni. Wiki iliyofuata mmoja wao alipita barabarani na sketi yake ameigeuza.

Nikatia chumvi kwenye chai, birika zima. Baba mkwe alikunywa kikombe chote, jasho likimtiririka, akakiweka chini taratibu. "Asante, mwanangu," akasema. "Imekolea."

Nikajaribu kuimba. Nina sauti ya bawaba iliyokosa mafuta, na niliosha vyombo mwezi mzima nikiimba kwa nguvu zangu zote. Mama mkwe alifunga dirisha na kuwaambia majirani kwamba redio yetu imeharibika.

"Huwezi kulazimisha, mke wangu," mume wangu akaniambia. "Wewe huna kasoro."

"Hilo ni tusi," nikamjibu, nikamgeuzia mgongo.

Ikafika siku ya kuamkia sikukuu, na mimi bado mikono mitupu. Lakini mchana ule mama mkwe akapanda ngazi mwenyewe, kitu asichokifanya mara nyingi. Alikuwa ameteguka kifundo cha mkono wa kulia akitikisa zulia, na wifi alikuwa shuleni akisahihisha mitihani.

"Mkwe wangu, naona haya kukusumbua," akasema. "Wewe pumzika tu, lakini kama una nafasi kidogo, ungenisaidia kukanda. Kufinyanga nitafinyanga mwenyewe kwa kushoto."

Nilishuka ngazi kabla yake.

Jiko lake ni dogo, na kila kitu kina msumari wake: chekecheo, mwiko, sinia mbili kubwa zilizopinda pembe. Bomba, kwa taarifa yenu, lilikuwa bado linadondosha. Nilichekecha unga, nikauwekea shimo katikati, nikavunja mayai, nikakata siagi vipande. Mama mkwe aliketi kwenye kigoda na mkono wake uliofungwa kitambaa, akisema "vizuri, mkwe," "pole na kazi, mkwe," "usijichoshe, mkwe," mpaka nikatamani kumrushia yai.

Kisha akainuka, akaitoa sufuria ya maziwa motoni yakiwa yanatokota na kufura, akachota hamira.

"Mama, hayo maziwa si yanachemka?" nikauliza.

"Yanachemka, mkwe wangu. Ndiyo usafi."

"Na hamira unaitia humo humo?"

"Humo humo. Mwaka wa thelathini na nne huu."

Hapa lazima niseme jambo ambalo katika nyumba ile halisemwi. Skonzi za mama mkwe ni ngumu. Sisemi ni ngumu kidogo. Unazichovya kwenye chai, unahesabu mpaka ishirini, unaomba, ndipo unauma. Watoto wake wamekua wakiamini kwamba skonzi zote duniani ziko hivyo, na walipogundua ukweli walikuwa wameshachelewa kuusema. Mimi kwetu nilifundishwa jambo moja tu kuhusu hamira, kwamba ni kitu hai: maziwa yasiyovumiliwa na kidole chako, nayo haiyavumilii. Miaka miwili nilikuwa nikila matofali na kushukuru, na sasa muuaji alikuwa mbele yangu ameshika kijiko.

Heshima ikanitoka kama kizibo.

"Mama, unaiua!" nikapiga kelele. "Unaiunguza hamira ikiwa hai, halafu unangoja iumuke! Ndiyo maana skonzi zako ni matofali! Mzee jino lake la mbele limekwenda na lile bomba mwaka juzi! Mwanao huweka nusu mfukoni na kuitupa njiani! Na wifi ile simu yake alikwenda nayo shuleni, mpaka leo anazuilia mlango wa darasa!"

Hilo la mlango lilikuwa siri.

Bomba, naapa, lilikosa tone moja. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa sukari aliotumwa dukani. Alitutazama, akauweka mfuko chini polepole kama bomu, akarudi kinyumenyume.

Mama mkwe aliivua miwani yake, miwani niliyomtengenezea mimi, akaifuta kwa pindo la aproni.

"Mlango wa darasa?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Unazuilika?"

"Hata upepo ukivuma," nikasema kwa sauti ndogo.

Akairudisha miwani usoni. "Basi kanda unavyojua wewe," akasema, akatoka.

Nikabaki na unga. Nilichemsha maziwa mengine, nikayaacha yapoe mpaka vuguvugu, nikaiamsha hamira kwa kijiko cha sukari, nikakanda. Nilikanda kwa hofu. Nilitaka utani nikaleta ugomvi. Nilitaka kuingia ndani ya nyumba na sasa huenda nimejifungia nje kwa mdomo wangu mwenyewe. Maneno ya miaka miwili niliyomeza kwa adabu nilikuwa nimeyatapika kwa dakika moja, tena kwa mama wa watu mwenye mkono mbovu. Niliuponda ule unga mpaka ukawa laini kama ndewe ya sikio.

Aliporudi, donge lilikuwa limefura likaufunika ukingo wa bakuli. Alilisogelea, akalichoma kidole, likashuka na kupumua. Akakivuta kidole haraka.

"Toka," akasema. "Sasa ni siri ya serikali."

Hakusema "mkwe." Hilo nililibeba ngazi zote mpaka juu.

Mume wangu alinikuta nimejifunika shuka jua likiwa halijazama. "Umemwambia!" akanong'ona, kama mtu aliyeona mwezi ukianguka. "Sisi tumenyamaza maisha yetu yote, na wewe umemwambia!"

"Atanifukuza."

"Labda," akasema. Huyo ndiye mume niliyepewa.

Kuna jambo moja sikulifikiria, kwa kuwa najua lenzi zaidi ya mikate. Mama mkwe huzifinyanga skonzi jioni na kuziacha juu ya meza mpaka asubuhi ndipo aoke. Miaka yote hazikusogea, maana maiti hasogei. Safari hii zilikuwa hai, na zilikuwa na usiku mzima.

Asubuhi madirisha yalikuwa wazi, na harufu ya siagi ilituita sote chini kabla hatujaitwa. Baba mkwe aliketi, wifi akaketi, mume wangu akaketi karibu na mlango. Mama mkwe akaleta sinia kwa mkono mmoja, uso umekaza, akagawa.

Baba mkwe aliigeuza yake mara tatu. "Mama watoto, hii ni nini? Ni kobe?"

"Ngazi," mama mkwe akasema kwa baridi. Mwaka ule mzee alipanda darini, ngazi ikaanguka, akakaa juu kwa muda wa saa tatu kwa kuwa aliona aibu kuita.

"Na hii yangu?" wifi akauliza. "Ni kiwele cha ng'ombe?"

"Mkasi. Ulijikata nywele mwenyewe, umesahau?"

Ya mume wangu ilikuwa ufunguo, kwa sababu alijifungia nje na taulo. Ufunguo ulikuwa umenona mpaka umekuwa mpira. Nilizitazama zote tatu na moyo ukanishuka: duara, duara, duara. Miaka miwili nimelilia umbo, na siku niliyoingia jikoni nimewafanya wote kuwa wageni.

Kisha baba mkwe akauma. Mkono wake ulikuwa tayari unaelekea kwenye chai, kwa mazoea, ukasimama hewani. Akatafuna akiwa amefumba macho. Wifi akauma. Mume wangu akamaliza yake na kuanza kuitazama ya dada yake. Hakuna aliyethubutu kusifu, lakini hakuna aliyechovya. Mama mkwe aliwatazama mmoja mmoja, akavuta pumzi ndefu, akaingia jikoni.

Mbele yangu hapakuwa na kitu. Hata duara sikupewa. Nikaanza kukunja kitambaa cha meza kwa vidole, nikipanga maneno ya kuomba radhi, na machozi yakiwa karibu.

Akarudi na sahani moja. Alipoiweka mbele yangu kilichokuwa ndani kiligonga: ko!

Ulikuwa mdomo. Mdomo mpana, umefunguliwa mpaka koromeo, meno yote yamepangwa moja moja, ulimi umetoka nje hadi kidevuni. Hakuna hata jino lililovimba. Kila mkunjo wa mdomo ulikuwa mahali pake, na, Mungu anisamehe, ulikuwa mdomo wangu.

"Hii nimeiamkia alfajiri," mama mkwe akasema. "Kwa mkono mmoja, na kwa maziwa yanayochemka. Huo unga wako wa hewa hauwezi kushika umbo. Mdomo kama huu unahitaji tofali."

Baba mkwe alipaliwa. Wifi alipiga meza kwa viganja mpaka vijiko vikaruka. Mume wangu alicheka akiwa ameshika ukuta. Nikauinua mdomo wangu juu kwa mikono miwili ili wote wauone, kama nilivyowaona wakifanya.

"Nilisema ukweli!" nikajitetea.

"Uuuu!" wakanizomea wote, na mama mkwe akizomea kuliko wote.

"Kula, Mdomo," akaniambia, akavuta kiti, akaketi ubavuni kwangu. "Na mwakani usingoje niteguke. Shuka mapema, tugombane kuanzia asubuhi."

Nikauma. Kitu kililia kinywani, sikujua kama ni skonzi au ni jino. Wifi akanisogezea kikombe cha chai kwa huruma, nikakisukuma. Nilitafuna kosa langu lote, kavukavu, mpaka ulimi na meno ya mwisho, huku machozi yakinitiririka, na nusu tu ya machozi hayo ilikuwa ya jino.