Kila Ulikonipeleka

Kwa miaka kumi na miwili, kila Jumapili saa kumi alasiri, Fundi alimtembeza dada yake mjini kwa simu.

Walizaliwa wasichana wawili tu, tumbo moja. Dada aliolewa mbali, katika nchi ambayo bahari yake, alivyosema mwenyewe, ilikuwa ya kijivu kama maji yaliyooshewa vyombo. Fundi akabaki katika chumba kilekile walichokulia, ghorofa ya tatu nyuma ya bandari, akishona sare za shule. Cherehani yake ilikaa dirishani, na dirisha lilitazama ukuta wa ghala. Bahari aliisikia tu.

Lilianza kama jambo dogo. Jumapili moja Dada alipiga simu huku analia. Hakufiwa, hakugombana na mtu. Alikuwa amekumbuka nyumbani, basi.

"Leo umetoka, mdogo wangu?" aliuliza. "Umekwenda wapi? Nieleze hata harufu ya huko."

Fundi hakuwa ametoka. Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki ile, na kaptula hamsini zilikuwa zinamsubiri azitie zipu. Lakini mtu analia, utamwambiaje kwamba umeshinda na kaptula?

"Nimekwenda bustani ya mimea," alisema. "Maua yamefunguka yote. Kuna mzee kalala kwenye benchi, kofia usoni, na kipepeo katua juu ya kofia."

Kilio kikakoma. Fundi akasikia pumzi za dada yake zikitulia, kama mtoto anayebembelezwa. "Enhe," Dada akasema. "Endelea."

Kesho yake Fundi alishuka kwa jirani wa chini, muuza vitabu, akaazima kijitabu cha wageni kilichoitwa *Mahali Kumi pa Kuona Mjini*. Kilikuwa na picha za rangi: mnara wa taa, ngome ya zamani, jumba la makumbusho, nyumba ya samaki wa kutazamwa, gati la kale, na kadhalika. Alipopamaliza mahali pote kumi alianza upya, akiongeza watu na visa: bibi harusi aliyenaswa gauni katika lango la ngome, mtalii aliyemfukuza tumbili aliyebeba miwani yake. Muuza vitabu alilalamika mpaka akachoka. "Kijitabu changu kimeolewa kwako," alisema. "Hata mahari sijaona."

Mara mbili Dada alitaka kumtumia simu ya kisasa ili aletewe picha. Fundi alikataa, akashikilia simu yake ya vitufe, akasema macho yake hayapatani na vioo.

Halafu Jumapili moja Dada hakuuliza kitu. Alisema tu, "Nakuja. Siku tisa. Na daftari nakuja nalo."

"Daftari gani?"

"La Jumapili. Yote uliyonisimulia nimeyaandika. Nataka kuona kila ulikonipeleka."

Fundi alikaa kitako juu ya vitambaa, sindano zikamchoma asijali. Alifikiria kujifanya mgonjwa. Alifikiria kuzunguka mji mzima kabla mgeni hajafika, lakini muhula ulikuwa unaanza na wazazi walikuwa wamejaa mlangoni. Alipata asubuhi moja tu. Akaenda bustani ya mimea, akaingia kwa lango la nyuma, akapotea baina ya vitalu, akarudi nyumbani na tope mpaka magotini.

Dada alifika akiwa mnene kidogo, mweupe wa nywele, na sauti ileile. Walikumbatiana uwanja wa ndege mpaka watu wakawapita kwa kuwazunguka. Siku ya kwanza ilikwenda kwa kucheka na kulala. Siku ya pili wakaenda bustanini, na Fundi, kwa kuwa alishapotea humo, akaweza kusema kwa uhakika, "Usipite huku, kuna tope." Dada akafurahi. Ngome nayo haikuwapa taabu, maana mawe ni mawe. Fundi akaanza kudhani Mungu amemsitiri.

Siku ya nne wakashika teksi kwenda nyumba ya samaki. Njiani Dada alifungua daftari akasoma kwa sauti, mpaka dereva akapunguza redio. "'Leo kasa mkubwa kalishwa majani mkononi. Mtunzaji anasema kasa huyu anamjua mdogo wangu kwa sura.' Hii ya mwezi uliopita. Twende nikamsalimie shemeji yangu kasa."

Lango lilikuwa na mnyororo. Vioo vya madirisha vilikuwa vimevunjika, na majani yameota mpaka kwenye ngazi. Mlinzi aliyekaa kivulini aliwatazama kwa huruma.

"Mama zangu, hapa pamefungwa. Mwaka wa saba huu. Samaki walipelekwa kwingine."

Dada aliangalia mnyororo. Akaangalia daftari. Akalifunga polepole, akalitia mkobani, akarudi kwenye teksi bila kumngoja mwenzake.

Wakarudi chumbani. Dada alikaa kwenye godoro alilotandikiwa sakafuni, miguu imenyooka, viatu miguuni.

"Kati ya kote ulikonisimulia, ulikwenda wapi?"

"Bustanini. Mara moja. Wiki iliyopita."

"Miaka kumi na miwili!"

"Dada, nilikuwa nashona."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba leo nimetia zipu, na Jumapili iliyopita nilitia zipu? Ungepiga simu mara ngapi kusikiliza zipu?"

"Ningepiga," Dada alisema. "Kwani ulidhani nilikuwa naupigia simu mji?"

 Fundi alishika kitambaa kilichokuwa karibu, akakikunja, akakikunjua.

"Unajua ulinifanya nini?" Dada aliendelea, na sasa sauti ilikuwa chini. "Kila ukimaliza kunisimulia, nilijiona mimi ndiye niliyetupwa. Mdogo wangu anakula upepo wa bahari, mimi nakwangua barafu mlangoni. Kuna Jumapili nilikata simu nikakaa nje kwenye ngazi, kwenye baridi, watoto wasinione. Nilimchukia mume wangu kwa kunitoa huku. Alikuwa hajanikosea kitu."

"Nilitaka usilie."

"Nililia baadaye."

Kulikucha. Fundi akarudi kwenye mashine, maana wateja hawajui ugomvi wa ndugu. Alipogeuka kuchukua mashati, alimkuta Dada ameshatia uzi kwenye sindano, anashona vifungo. Hakuombwa. Siku nzima walifanya kazi hivyo, mmoja anakanyaga, mwingine anashona, na kufika jioni Dada akasema, "Vifungo vyako hivi vidogo kama dhambi za mtoto," na Fundi akacheka mpaka akalazimika kusimamisha mashine. Siku ya sita ikawa hivyohivyo. Walikula, walishona, walizungumza habari za watu waliokufa na waliooana. Dada aliuliza kila sare ni ya shule gani, na Fundi akamweleza, naye akawa anasikiliza kwa umakini uleule wa simuni. "Enhe," alikuwa akisema.

Siku ya saba Dada alivaa viatu mapema. "Twende mnara wa taa. Safari hii hatupajui sote. Tutaonyeshwa."

Mtunza mnara, mwanamume mwenye funguo nyingi kiunoni, aliwauliza kama ni wageni. "Wageni," Dada akajibu haraka. Wakapanda ngazi za mzunguko, wakipumzika kila kwenye kidirisha, Dada akilalamikia magoti, Fundi akimsukuma mgongoni. Walipotokea juu, upepo ukawavua mitandio wote wawili.

Mji wote ulikuwa chini yao, na bahari pande tatu. Fundi alishika chuma cha ukingo kwa mikono miwili. Hakujua kuwa bandari ni kubwa kiasi kile, wala kwamba nyuma ya ghala lile la dirishani, hatua mia tu kutoka cherehani, kulikuwa na ufukwe mdogo wenye mchanga mweupe na watoto wanaooga.

"Nyumba yetu iko wapi?" Dada aliuliza.

Waliitafuta kwa muda mrefu. Mapaa yote yalifanana. Mtunza mnara alipowasaidia, akataja mtaa mmoja mmoja, walikubaliana juu ya paa moja lenye kutu, ingawa hawakuwa na hakika.

Dada hakuliondolea macho. "Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia," alisema. "Mume wangu ameanza kusahau. Kabla sijaja alimwuliza binti yetu mimi ni nani. Nikirudi, siwezi kumwacha tena."

"Basi nitakuja mimi."

"Njoo."

Fundi alisema atakuja, Dada akasema atamngoja, na kila mmoja akakazia macho bahari ili asimtazame mwenzake. Walikaa juu mpaka mtunza mnara akaanza kuchezesha funguo zake.

Siku ya tisa, uwanja wa ndege, Dada aliingia kwenye foleni ya ukaguzi, akavua viatu, akaviweka kwenye trei, akapita pekupeku upande wa pili. Walikuwa wamekubaliana asigeuke, na hakugeuka. Fundi alibaki amesimama mpaka mfagiaji akamwomba asogee.

Nyumbani godoro lilikuwa bado sakafuni, shuka limejikunja upande mmoja. Chumba kilikuwa chembamba, na ili kufika kwenye cherehani ilimbidi alivuke. Wateja walikuja, wakalitazama, wakauliza kama ana mgeni. Aliwajibu kwamba ndiyo, dada yake, na kwa wiki tatu nzima aliendelea kulivuka, asubuhi na jioni, akiinua gauni kidogo asikanyage shuka.