Ruta Iliyoinuliwa Juu

Wacuka alitaka ile ruta ya mtandao kutoka Lwakhakha, mpakani. Ilikuwa rahisi, tena ina taa nyingi. Fundi Kipkemei aliiweka kando ya ile mpya, juu ya meza ya kliniki ya Nduta, binti ya Wacuka, hapa Kitale.

"Hii imetumika, Mama. Mwizi akipata paswadi tu, ameingia. Hii mpya itamuuliza pia namba inayotumwa kwa simu yenu. Na seva zenu, ya hapa na ya tawi la Bungoma, zimebeba siri za wagonjwa wote."

"Si ni kaboksi tu, bana!"

"Mami, tunachukua mpya," Nduta akakata maneno.

Wacuka alikubali kwa sharti moja: isianze kazi kabla ya kuombewa. Kipkemei akaitayarisha. Alhamisi pasta akaja, Wacuka akaiinua kwa mikono miwili kama mtoto anayebarikiwa, picha ikapigwa, naye akaituma kwa kikundi cha akina mama wa kanisa, akiandika kwamba Kipkemei anashuka Bungoma kufunga nyingine. Kisha Kipkemei akaiunganisha, akashuka Bungoma.

Ijumaa adhuhuri Nduta alikuwa chumba cha kujifungulia, akimzalisha mgonjwa wake Linet. Simu ya kliniki, mkononi mwa Wacuka, ikapokea ujumbe: namba sita. Hajavaa hata miwani, ikaita.

"Mama Nduta, Mungu ni mwema! Ni mimi wa pale mlinunua ruta. Kipkemei simu imemzimikia huko Bungoma, kazi imekwama. Nisomee hizo namba."

"Nne," akasoma. "Saba... moja..."

"Endelea, Mama. Haraka, zitaisha muda."

Nyuma ya mlango Linet akapiga kelele za uchungu. Wacuka aliijua sauti hiyo ya Linet. Ndiyo iliyomnong'onezea Nduta jina la ugonjwa, ikiomba hata mume wake asijue. Na sasa jina hilo limo ndani ya seva.

"Ati imezimika? Ngoja nimpigie kwanza."

"Si nimekwambia hapatikani, wewe mama!"

Kumbe ana ukali hivyo. Akamkatia. Kipkemei akashika simu kwa mlio wa kwanza, naye akamweleza.

"Simu yangu iko sawa, Mama. Usimsomee tena hata moja!" Akasikika akibonyeza kompyuta kwa kasi. "Nimebadilisha paswadi. Alikuwa nayo yote. Ingekuwa ile ya Lwakhakha, saa hii anasoma mafaili. Lakini aliitoa wapi? Niliiandika kwa karatasi tu, nikabandika chini ya ruta nisisahau."

Chini ya ruta. Wacuka akafungua kikundi. Mikono yake iko juu, tumbo la ruta linatazama kamera, na karatasi nyeupe inasomeka herufi kwa herufi. Amina hamsini na moja.

Ndani, mtoto akalia. Nduta akatoka akijipangusa jasho.

"Ni msichana! Mami, kuna nini?"

Wacuka alimwonyesha picha kabla ya kuifuta. Kisha akakaa kwa benchi, akawaandikia akina mama wale wale: *Dada zangu, ombeeni vyombo vyenu, lakini msivipige picha. Na mtu akitaka namba zilizotumwa kwa simu yako, hata akianza na jina la Mungu, mkatie. Mimi nilisoma tatu.*

Safari hii alirudia kuusoma ujumbe mara nne ndipo akautuma.